Nimelipa Nivujiwe, Nikaletewa Matanga

Rambirambi zirudisheni mfukoni. Wawili wenu mmeshaandika pole humu kwenye barua pepe ya wana Masama, na mmoja ameuliza mchango upelekwe kwa nani. Upelekwe kwenu. Kwangu hakuna aliyekufa leo. Nimeumbuka tu, na nataka mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa jirani yangu Ndesario, maana Ndesario akilisimulia atalitia chumvi na ndimu.

(Naandika kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta aliyoniachia binti yangu. Nina darasa la nne. Mwenye hamu ya kusahihisha herufi akasahihishe za watoto wake.)

Shida zilinianza mwaka 1986, nikiwa na miaka thelathini na nane. Kahawa ilikonda mtini, ikakonda na bei. Tulikuwa tunateremsha magunia na kupandisha ahadi. Mke wangu, Mama Nsia, ndiye aliyesema, "Ahadi haiingii chunguni," tukashuka Kiboriloni kuuza mitumba juu ya turubai. Yeye ananadi, mimi nakunja. Toka mitumba tukaingia misumari, toka misumari tukaingia mabati. Duka la vifaa vya ujenzi pale Bomang'ombe mnalijua. Wengi wenu nyumba za wazazi wenu zimeezekwa kwangu. Sikurithi na sikupewa na mtu.

Mama Nsia alifariki mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa. Mliokuja mliona nilivyosimama. Jeneza niliagiza mimi. Turubai nilifunga mimi. Nyama niliisimamia mimi mpaka mfupa wa mwisho. Watu wakasema, "Huyu ndiye mwanaume." Kesho yake mchana nilikuwa dukani nakata nondo, na nilijivuna.

Kichwa kilianza baada ya hapo. Kinaanzia kisogoni, kinapanda kama mtu anakaza waya wa kufungia nondo kwa koleo, anazungusha, anazungusha. Na uchovu. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Ngazi za stoo nilikuwa napumzika katikati kama mzee. (Mimi ni mzee, lakini nilikuwa sijaanza.)

Hospitalini wakanipa vidonge, wakapima kila kinachopimika. Damu nzuri, presha nzuri, picha ya kichwa haionyeshi kitu. Ndesario alisema kwamba kichwani mwangu hakuna kitu yeye angeniambia bure.

Nsia ni binti yangu wa pekee, muuguzi Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwezi huu akanipigia simu.

"Baba, mwezi huu ukiisha hujapata nafuu nakuja kukuchukua. Utakaa kwangu. Duka tutalikodisha."

"Kwako ghorofani?"

"Kuna upepo mzuri."

"Na mama yako nimwache na nani?"

Mama yake amelala hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, karibu na dirisha langu. Nikifungua pazia asubuhi ndiye wa kwanza kumwona. Kwa hiyo mjue nilichokuwa napigania. Sikuwa napigania kichwa tu. Nilikuwa napigania kubaki hapa.

Ndipo mteja mmoja akanieleza habari za daktari wa tiba ya Kihindi pale Moshi mjini, nyuma ya duka la viungo. Nikaenda wiki iliyopita. Anaitwa Daktari Kanti. Amezaliwa Moshi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aliniamkia shikamoo, akanishika kiganja, akaweka vidole vitatu kwenye mshipa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikadhani anatafuta stesheni.

"Toa ulimi, mzee."

Nikautoa. Akauangalia kama mimi ninavyoangalia mbao ya mtu asiye mwaminifu.

"Unakula saa ngapi?"

"Nikipata nafasi."

"Unalala saa ngapi?"

"Nikishalala ndiyo naanza kupiga hesabu."

"Kahawa?"

"Chupa moja ya chai, imejaa kahawa. Siku ya mzigo, mbili."

Akasema kwa tiba ya kwao mwilini kuna upepo, kuna moto, kuna majimaji mazito. Kila mtu ana vipimo vyake. Kwangu upepo umechafuka. Mtu anayekimbia kutwa, anakula vikavu, halali, anatembea na mawazo, upepo unamtoka tumboni unapanda kichwani. Nilimwelewa. Nyumba yenye paa lililofungwa vibaya ndivyo inavyokuwa.

Halafu akauliza, "Mzee, kuna vitu mwili ukitaka kuvitoa haufai kuzuiwa. Wewe unazuia nini?"

Nikatazama mlango kama umefungwa. Nikajibu kwa sauti ya chini, "Kanisani tu, Daktari. Nikiwa peke yangu naachia."

Hakucheka. Mhindi yule ana moyo. Akasema, "Sio huo tu. Kuna chafya, miayo, njaa, kiu, usingizi, machozi. Mama alipofariki, ulilia?"

"Nilikuwa na kazi."

Akanipa unga wa mizizi, nichanganye na maziwa ya moto kila jioni. (Unanuka zizi la punda. Nilikunywa.) Akanipa na unga wa matunda makavu matatu wa kusafisha tumbo. Tone la samli kila tundu la pua. Mafuta ya ufuta nyayoni kabla ya kulala. Chakula cha moto kwa saa zake, kahawa basi. Vidonge vya hospitali akasema nisiviache bila kuwauliza wenyewe, na maumivu ya kichwa yakizidi ghafla nikimbilie huko huko, nisije kwake.

Nilifuata yote. Mimi nikinunua kitu nakitumia mpaka mwisho. Ndesario alinikuta barazani jioni moja najipaka nyayo.

"Meku, mzee wangu, unajikaanga?"

"Ni dawa."

"Ukiiva uniite."

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa zamu ya mafuta ya kichwa. Ukishalazwa chali juu ya meza ya mbao, juu yako kinaning'inia chungu cha shaba chenye tundu na uzi. Mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na majani yanashuka ya uvuguvugu, mstari mwembamba, yanatua katikati ya paji la uso. Yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia. Hakuna kingine kinachofanyika. Nimelala pale nawaza: mimi, muuza mabati, nimelipa nivujiwe.

Baadaye sikuwaza tena. Ule waya wa kisogoni ukalegea kidogo. Sikuwaambia Daktari na msaidizi wake.

Nilipoinuka Daktari Kanti akanipa masharti. "Leo kichwa kisipigwe jua wala upepo. Kifunike. Zima simu. Usiguse biashara. Ukiweza, usiongee kabisa mpaka jioni, kichwa kipumzike na maneno. Nenda ukale chakula chepesi, ulale. Na usiendeshe gari."

Nikaitikia kwa kichwa yote isipokuwa la gari. (Nilikuwa nimekuja nalo. Ningelibeba?)

Taulo walilonifunga lililowa kabla sijafika kwenye pikapu. Nikatafuta kitambaa. Nyuma ya kiti kulikuwa na khanga ya Mama Nsia, aliyokuwa akijifunika tulipokuwa tunampeleka hospitali na kurudi. Tangu wakati ule sijaitoa. Watu wa kuosha gari nawaambia wasiiguse. Leo niliichukua. Nikaikunjua, nikakaa nayo kidogo mkononi, halafu nikajifunga kichwani nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Kuna harufu ilikuwemo bado. Mafuta yameimaliza.

Haikusaidia chochote. Mafuta yakapita chini ya khanga yakaingia machoni. Nikiyafuta yanazidi. Sasa nitazameni: mzee wa miaka sitini, madirisha yamepandishwa juu kwenye joto lote lile, khanga ya mwanamke kichwani, macho mekundu kama pilipili, machozi yanatiririka, simu imezimwa, mdomo umefungwa.

Ilibidi nisimame Bomang'ombe maana funguo za stoo nilikuwa nazo mimi. Elisante akaja dirishani. Elisante ni msaidizi wangu wa miaka mingi, mtu mwenye akili zake na wajukuu wake.

"Shikamoo mzee."

Nikatikisa kichwa.

"Mzee, kuna nini?"

Nikaweka kidole mdomoni.

"Kuna tatizo nyumbani?"

Nikapunga mkono kwamba aache.

"Sawa. Kuna fundi hapa anataka mabati, anaomba punguzo. Nimjibuje?"

Biashara hiyo, na nimekatazwa. Basi nikainua viganja viwili nikavikutanisha taratibu, maana yangu: mambo ya biashara leo basi, yafungwe. Nikampa funguo. Chozi la mafuta likadondoka juu ya mkono wake. Nikaondoa gari.

Kwenye kioo nikamwona Elisante amesimama katikati ya uwanja, mikono yote miwili kichwani. Nikasema moyoni, maskini, na yeye kichwa kinamsumbua, nitampeleka kwa Kanti.

Nilifika nyumbani, nikala uji wa mchele na choroko niliouacha jikoni, nikafunga mlango wa mbele kwa komeo, nikajilaza chali na khanga usoni kuzuia mwanga. Nikalala. Ndugu zangu, nililala. Usingizi wa mtoto aliyenyonya. Sijalala hivyo tangu mwaka jana.

Yaliyotokea nikiwa usingizini nimesimuliwa, na kila msimulizi amejitoa lawamani.

Duka langu mchana wa siku ya kazi halijawahi kufungwa, isipokuwa ile saa ya ibada ya mazishi ya Mama Nsia. Elisante alipoona viganja vinakutana alielewa jambo moja tu. Akafunga duka. Akampigia simu Mama Aikande, mdogo wake marehemu, anayekaa ng'ambo ya korongo.

"Mzee amepita hapa analia. Kajifunga khanga ya marehemu kichwani. Ametuambia tufunge duka."

"Kasema ni nani aliyekufa?"

"Hawezi hata kusema, mama."

Mama Aikande akapiga kwangu, simu imezimwa. Akampigia Nsia Dar, hapatikani. (Nsia akiwa wodini simu huifungia kabatini. Hilo tunalijua wote, ila leo hakuna aliyelikumbuka.) Akaja mbio, akachungulia dirishani, akaniona nimelala chali nimefunikwa uso. Akaogopa kugonga.

Mnajua kwetu. Mfiwa haulizwi. Unaingia, unamshika mkono, unasema pole, unakaa. Kama hujui aliyekufa unamuuliza aliyesimama getini. Leo aliyesimama getini alikuwa Ndesario, na Ndesario hakuwa na habari yoyote, lakini yule mtu hajawahi kusema "sijui" tangu abatizwe.

"Inasemekana ni Dar," akasema.

Dar nina nani? Basi. Likawa limekwisha.

Akina mama wakaanza kuingia na mikungu ya ndizi, maziwa, mizigo ya kuni. Vijana wakafunga turubai. Masufuria ya kanisa yakaja, na mwinjilisti, na kwaya ya akina mama. Ndesario akaona watu ni wengi na mboga ni chache, akachinja mbuzi. Mbuzi wangu.

Nilipozinduka jua lilikuwa limeshaegemea. Nikajishika kisogo. Ule waya haupo. Nikabaki nimelala, nikiusikilizia kama mtu anayesikiliza mwizi. Haupo. Nikafurahi kijinga kabisa, peke yangu, nikipanga nitakavyomwambia Nsia kwamba abaki na ghorofa lake.

Ndipo nikasikia wimbo wa msiba. Ua langu linaimba. Na chini ya wimbo, sauti ya mwanamke inalia: "Nsia, mwanangu. Nsia, mwanangu wee."

Nikainuka bila viatu. Nikafungua komeo. Ua limejaa mpaka kwenye migomba. Watu wakasimama wote kwa pamoja, wanaume wakavua kofia. Mama Aikande akaja akaniangukia shingoni.

"Shemeji, Nsia wetu."

Mwinjilisti akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, mzee wetu."

Sikuuliza. Ningeuliza nini? Ua zima haliwezi kukosea. Nikajua wamenitafuta, nimezima simu, habari imefika mimi nimelala nimejipaka mafuta kama andazi. Wao wameshalia, mimi ndiye wa mwisho kuambiwa habari za mtoto wangu.

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye tope la maji ya masufuria, mbele ya mlango, nikalia.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Ndesario anasema nililia kama ng'ombe aliyetenganishwa na ndama, na kwa mara ya kwanza naona hakuongeza. Nilipiga ardhi kwa viganja. Nilimwita Nsia. Halafu nikasikia kinywa changu kinamwita mama yake. Tena kwa jina lake mwenyewe, Ndeshi, ambalo hakuna aliyelisikia kwangu tangu tuzae. Nikamuuliza mbele ya kwaya na mwinjilisti kwa nini ameondoka kabla hatujakaa pamoja hata siku moja bila kazi. Nikamwambia nilimdanganya, nilisema tukishamaliza stoo mpya tutapumzika. Nikamwambia stoo imekwisha, ina mabati, haina mtu.

(Haya yote wamesikia watu wanaoninunulia misumari.)

Wao wakiona mimi nalia, wanazidi kuamini. Mimi nikiona wao wanalia, nazidi kuamini. Tungeendelea hivyo mpaka tuchimbe kaburi.

Aliyetuokoa ni mwinjilisti, kwa sababu ya ratiba. Akachuchumaa karibu yangu.

"Mzee wetu, utusamehe kuuliza. Mwili unatoka Dar lini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Tumuulize nani, mzee?"

"Aliyewaletea habari."

"Habari imetoka kwako."

"Mimi nilikuwa nimelala."

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mtu akamsukuma Elisante mbele.

"Elisante, nani alikuambia?"

"Wewe, mzee."

"Nilifungua kinywa?"

"Hapana mzee. Ulifunga mikono. Hivi."

"Hiyo ni biashara basi. Daktari amenikataza biashara leo."

"Na kulia kule kwenye gari?"

"Mafuta."

"Na khanga?"

"Ya kuzuia mafuta."

Sauti ya Ndesario ikatoka nyuma, pale kwenye sufuria. "Na huyu mbuzi niliyemkatakata, naye ni mafuta?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimegeuka kwa Mama Aikande. "Shemeji, Nsia umeongea naye?"

"Hapatikani tangu mchana."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilijua. Sasa sikujua. Watu wote wakamtazama Mama Aikande, naye anatazama simu yake kama itamuuma. Kuni zilikuwa zinalia motoni, basi.

Ikaita.

Mama Aikande akaitazama, akashindwa kusema, akanisukumia mimi. Mikono yangu ina mafuta, ikateleza, ikaanguka topeni, nikaiokota.

"Nani?"

"Baba? Ni Nsia. Nimekuta mama mdogo kanipigia mara nyingi. Nani amekufa?"

"Wewe."

"Nani?"

"Wewe, mwanangu. Tunasubiri mwili."

Nyuma yake nasikia matoroli ya hospitali yanapita.

"Baba, mimi niko kazini. Ndiyo natoka zamu."

"Sawa."

"Baba, unalia?"

Nilitaka kusema ni mafuta. Lakini nilikuwa nimeshalitumia neno hilo hapo kwa Elisante, na ua zima lilikuwa linasikiliza.

"Ndiyo," nikasema.

Na ua likapasuka. Alianza bibi mmoja mwenye umri wa kuzikwa yeye, akashika mbavu, akasema, "Ee Ruwa, Mungu wangu, maiti imepiga simu." Basi. Waliokuwa wanamlilia Nsia wakaegemeana. Kwaya ikakaa chini. Mwinjilisti alikwenda kusimama nyuma ya mgomba, lakini mabega yalikuwa yanaonekana. Na mimi niko katikati, nimekaa topeni, peku, khanga ya marehemu imeteleza sikioni, mafuta yamechora ramani kwenye shati, pua inatoka, simu sikioni.

Nikangoja nami nicheke. Mtoto yuko hai, hakuna msiba, kilichobaki ni kucheka. Kicheko hakikuja. Kilio ndicho kilichoendelea. Hakuna aliyekufa na bado nalia, kwa sauti, siwezi kukizima. Kicheko chao kikaisha, mimi bado. Wakaanza kutazama chini.

Mama Aikande akakunja gauni lake akakaa topeni pembeni yangu.

"Shemeji, dada alipozikwa hukukaa."

"Nyama ingesimamiwa na nani?"

"Nyama ingejisimamia."

Mwinjilisti akarudi kutoka kwenye mgomba, amejifuta uso, akauliza kwa heshima watu waondoke au wafanyeje. Yule bibi ndiye aliyejibu. "Kuni za msiba hazirudi nyumbani. Tumezibeba, zitawaka. Mama Nsia alikuwa mtu wa watu, na huyu hajakaa."

Basi nikakaa. Waliniletea kiti, nikakataa, nikabaki chini. Watu wakapanga mstari upya. Kila mtu akanishika mkono wenye mafuta, akasema, "Pole, Baba Nsia," na safari hii wote tulijua ni pole ya nani. Mwaka jana niliwajibu, "Aika, asanteni, chakula kipo kule." Leo sikuwa na chakula cha kuwaonyesha, chakula walikuja nacho wao. Kwaya ikaanza tena ule wimbo, toka ubeti wa kwanza. Tukala mtori wa ndizi na mbuzi. Ndesario akanichagulia kipande kizuri, akaniambia, "Kula meku, ni wako." Kweli, alikuwa wangu.

Nsia hakukata simu muda wote ule. Salio lake lilipokwisha akapiga kwa simu ya mwenzake.

"Nakuja Jumamosi, Baba."

"Kunichukua?"

"Sijui. Nakuja kwanza. Nataka nikae na wewe hapo kwa mama."

Baadaye nikawasha simu yangu nikampigia Daktari Kanti, maana mimi nikivunja sharti nasema.

"Daktari, nimeongea kabla ya jioni."

"Umeongea na nani?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akatulia, akauliza kichwa kinaumaje. Nikakitafuta. Kipo, nikamwambia, lakini kimekaa mbali, kama mtu anayegonga kwa jirani. Akasema mafuta sio uchawi, nisidhani kimekwisha, niendelee na maziwa na kulala kwa saa zake, nirudi wiki ijayo. Akasema na safari hiyo nije na dereva.

Nimemaliza. Watu wengine bado wako hapo uani wanaongea. Kesho duka linafunguliwa saa zile zile, na najua wateja watakaokuja kwa ajili ya misumari na watakaokuja kwa ajili ya uso wangu. Naomba nyinyi huko mliko msicheke. Ua zima limeshacheka, zamu imekwisha.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Kihamba cha ekari moja na nusu. Kahawa kiasi, migomba mingi. Duka moja Bomang'ombe na stoo yake. Pikapu moja. Ng'ombe wawili wa maziwa. Kuni za kutosha mpaka Krismasi. Kaburi moja. Binti mmoja, mzima.